Mama aliuliza kuhusu kodi ya nyumba, sisi tukampa mswaki

Kuna picha moja iko kwa simu yangu tangu Agosti 2023 na sijawahi kuiposti. Niko Nsambya, Kampala, nimevaa tisheti ya timu, nimebeba mtoto ambaye hata jina lake simjui, na nacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Nyuma yangu kuna mama ameshika mswaki tuliompa dakika chache kabla. Yeye hacheki. Anaangalia kando, kwa mtu ambaye hakuingia kwa picha. Huyo mtu ni mwenye nyumba wake.

Tulikuwa vijana 14 wa kanisa kutoka Nairobi. Tulipanda basi ya usiku, tukavuka Busia alfajiri macho yakiwa mekundu, tukafika Kampala na maboksi ya miswaki, sabuni, vitabu vya kupaka rangi na spika moja ya muziki. Kazi yetu ilikuwa kuhudumia familia kutoka Congo zinazoishi pale, wengi wao watu wa Kivu. Mimi ndiye nilikuwa mtu wa kamera. Si mnanijua.

Huyo mama alinishukuru vizuri sana, kwa Kiswahili chao cha huko. Halafu akaniambia, "Mutoto wangu, aksanti kwa hii miswaki. Lakini mwenye nyumba ameongeza bei mara mbili huu mwaka. Ninyi batu ba kanisa, hamuwezi mumusemeshe?"

Nilimwangalia kiongozi wetu. Akamjibu mama kwa upole kwamba tumekuja kuhudumu, hatujakuja kuingilia mambo ya watu, na kwamba tutamwombea. Tukamwombea kweli, tumemwekea mikono mabegani, mwenye nyumba akiwa amesimama hatua kama sita hivi kutoka hapo. Nafikiri hata yeye alisema amina.

Mwaka uliofuata niliacha chuo, karo ilikataa tu, na nikawa na muda mwingi wa kusoma vitu ambavyo hakuna mtu angenipa mtihani juu yake. Nilianza kutafuta kama kuna kanisa popote duniani liliwahi kuulizwa swali la huyo mama na likajibu tofauti. Nikaipata California. Na sasa nawaletea hiyo story, kwa sababu kila Agosti naona tisheti za kufanana zikipanda basi na hakuna mtu ananiambia kama amewahi kuisikia.

Mwaka wa 1920, akina mama wa makanisa ya Kiprotestanti kule Marekani, chini ya baraza lililoitwa Council of Women for Home Missions, walianza kazi kwa familia za wafanyakazi wahamaji katika majimbo ya mashariki. Hizi ni familia zilizofuata mazao. Wiki hii strawberry, mwezi ujao nyanya, halafu kiwanda cha kuweka vyakula kwa mikebe. Baba, mama na watoto wote shambani. Hao akina mama wa kanisa wakafungua vituo vya kulea watoto wadogo mchana ili wasilale kwa matuta ya shamba wazazi wakifanya kazi. Maziwa, chanjo, kuoga, nyimbo, story za Biblia.

Hebu niseme ukweli hapa kabla mtu hajaniambia nadharau. Hiyo kazi ilikuwa kubwa. Mtoto ambaye angelala juani chini ya gunia alilala kwa kitanda. Mimi siwezi kucheka hicho. Na hao wanawake walifanya hivyo wakati serikali haikuwa na habari kabisa na hao watoto.

Kazi ikaenea hadi magharibi, ikafika California. Miaka ya 1930 ikaja na njaa yake: ukame na vumbi viliwafukuza maelfu ya wakulima wazungu kutoka Oklahoma na majimbo ya jirani, wakashuka California na magari yaliyofungwa magodoro juu. John Steinbeck aliandika riwaya yake juu yao, The Grapes of Wrath, ikatoka mwaka wa 1939. Lakini hata kabla ya hao, mashamba ya California yalikuwa yamelimwa na Wachina, Wajapani, Wahindi wa Punjab, Wafilipino na Wameksiko, kila kundi likiletwa wakati lile la kwanza limeanza kudai pesa. Halafu kuanzia mwaka wa 1942 hadi 1964 serikali ya Marekani ikawa na mpango rasmi na Mexico, uliojulikana kama Bracero, wa kuleta wanaume kufanya kazi kwa mkataba wa muda kisha warudishwe kwao. Ukigoma, unapandishwa basi. Ni rahisi hivyo.

Na sheria? Mwaka wa 1935 Marekani ilipitisha sheria kubwa ya kuwapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri. Wafanyakazi wa mashamba wakaachwa nje, kwa maandishi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mimi huisoma mara mbili. Si ati walisahaulika. Mtu alikaa kwa meza akaandika kwamba hawa hawamo.

Kanisa nalo liliendelea na kazi yake. Miaka ya vita ikapita, na huduma hiyo, ambayo sasa iliitwa Migrant Ministry, ikapata magari. Yaliitwa Harvester, yaani mvunaji. Ilikuwa ni gari la familia lililojazwa vitu: kinanda cha kubebeka, vifaa vya ibada, mipira, vitabu, projekta ya sinema. Gari lilifika kambini jioni, watoto wanakimbia nyuma yake, kunachezwa, kunaimbwa, kunafungwa na maombi, linaondoka. Nilipoona maelezo ya hilo gari niliweka simu chini kidogo. Ni spika yetu. Ni sisi kabisa, ila sisi tulikuwa na basi.

Sasa jiulize gari lilinunuliwa na nani. Pesa zilitoka kwa waumini, na katika miji midogo ya bonde la kati la California, mwumini mwenye pesa ndiye mwenye shamba. Yeye ndiye mzee wa kanisa. Mkewe ndiye anakusanya nguo za mitumba za kupeleka kambini. Wanatoa kwa moyo, sisemi ni wanafiki. Lakini yule anayemlipa mvunaji senti kidogo Jumatatu ndiye anamletea blanketi Jumapili, na kanisa limesimama katikati likipokea blanketi na kusema asante. Ukiwa mfanyakazi wa huduma hiyo, kuna maswali ambayo huwezi kuuliza na bado upate mafuta ya gari.

Ufa ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Mkurugenzi wa tawi la California, mchungaji Doug Still, alianza kuona kwamba wamekuwa wakihudumia familia zilezile, kisha watoto wa hizo familia, na hakuna kitu kimebadilika. Akaanza kuwapeleka wafanyakazi wake wakajifunze mahali ambapo hakuna kanisa: kwa Fred Ross na kijana wake mmoja aliyeitwa Cesar Chavez. Hao walikuwa wa Community Service Organization, kikundi kilichowaunganisha Wameksiko wa California kujiandikisha kura, kupigania barabara zao na kukabiliana na polisi. Njia yao ilikuwa mikutano ya nyumbani. Unaingia kwa nyumba ya mtu, unakunywa kahawa na majirani wake kama sita, unauliza kitu gani kinawauma. Halafu, na hapa ndipo wengi wetu tungeshindwa, unanyamaza.

Mwaka wa 1961 nafasi ya Still ikachukuliwa na Chris Hartmire. Alikuwa mchungaji wa Presbyterian, kama PCEA ya huku kwetu, hajatimiza miaka 30, alikuwa amesomea uhandisi kabla ya theolojia na amewahi kuhudumu mtaa wa East Harlem, New York. Mzungu, msomi, mwenye familia changa. Nilimtarajia awe yule mtu wa kuja kuokoa kila mtu. Na kwa kweli hakuwa, angalau mwanzoni. Alienda kumwona Chavez na kusikiliza.

Mwaka uliofuata Chavez akaacha kazi yake yenye mshahara, kwa sababu kikundi chake kilikataa kuanzisha chama cha wafanyakazi wa mashamba. Akahamia mji wa Delano na mkewe Helen na watoto wanane. Hana pesa, hana ofisi. Huduma ya Hartmire ikamtuma mchungaji kijana aitwaye Jim Drake awe naye. Drake alikuwa na gari ndogo aina ya Renault na kadi ya mafuta inayolipwa na kanisa. Walizunguka naye bonde lote, kambi hadi kambi, Chavez akiongea na watu na mchungaji akiwa dereva. Drake alikuja kukiri baadaye kwamba wakati huo alidhani huyu jamaa amechanganyikiwa, kitu kama hicho hakiwezekani.

Mimi napenda hiyo picha kuliko zote katika hii historia. Mchungaji ameenda misheni na kazi yake ni kuendesha gari. Hakuna mahali anahubiri. Hakuna mtoto anabebwa. Anangoja nje, anaamini ni upuzi, na kesho anawasha gari tena. Mwezi wa Septemba 1962, kule Fresno, chama kikaanzishwa rasmi, Chavez akiwa na Dolores Huerta na Gilbert Padilla.

Halafu ikaja ile ya kodi, na hii ndiyo ilinifanya niandike.

Katika kaunti ya Tulare kulikuwa na kambi mbili, Linnell na Woodville. Serikali ilikuwa imezijenga miaka ya 1930 kwa ajili ya wale watu wa ukame wa Oklahoma, na vibanda vyake vilikuwa vya bati, vya kukaa kwa muda tu. Miaka karibu 30 baadaye bado kulikuwa na watu ndani, sasa wengi wao familia za Kimeksiko. Unajua bati joto likipanda. Watu wa Mukuru na Mathare hawahitaji nieleze, na bonde la California kiangazi linapita nyuzi 38 bila shida. Mwaka wa 1965 mamlaka ya nyumba ya kaunti ikapandisha kodi ya hivyo vibanda.

Padilla alikuwa eneo hilo akilipwa na huduma ya kanisa, pamoja na Drake na mchungaji mwingine, David Havens. Walifanya kile walichofundishwa. Waliingia kwa vibanda, wakauliza, wakanyamaza. Watu wakasema kodi. Basi wakafuatilia kodi: ni nani ameipandisha, kwa uamuzi gani, pesa zinaenda wapi, vibanda vimekaguliwa lini. Wapangaji wakakataa kulipa nyongeza. Kiangazi hicho wakatembea kwa miguu kutoka Linnell hadi mji wa Visalia, watoto na akina mama na wachungaji, kwenda kuwaambia wenye ofisi wana kwa ana.

Nimesoma hiyo sehemu mara nyingi nikiwa na aibu fulani. Swali ni lile lile. Mama wa Linnell na mama wa Nsambya wameuliza kitu kimoja, na tofauti ni kwamba kule California aliyeulizwa alienda kutafuta jibu. Halikuwa jambo la miujiza. Lilikuwa jambo la kujua ofisi iko wapi.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio, na historia hii mnaweza kuipata popote, kwa hivyo nitapita haraka. Tarehe 8 Septemba 1965, wavuna zabibu Wafilipino wa Delano wakiongozwa na Larry Itliong waliweka mikasi chini. Walitaka dola 1.40 kwa saa. Watu humsahau Itliong, na ni makosa, maana wao ndio walianza. Wengi wao walikuwa wazee waliokuja wakiwa vijana, wamezeeka kwa mabweni ya mashamba bila wake wala watoto, sababu sheria za California ziliwahi kuwakataza kuoa wazungu na wanawake wa kwao walikuwa wachache sana huko. Siku nane baadaye, kwa ukumbi wa kanisa Katoliki la Our Lady of Guadalupe, chama cha Chavez kikapiga kura kuungana nao.

Hapo ndipo blanketi na senti zilikutana uso kwa uso. Hartmire na timu yake hawakusema tuko upande wa amani. Walisema tuko na wagomaji. Havens alikamatwa mwezi wa Oktoba kwa kusimama kando ya shamba akisoma kwa sauti maandishi makali juu ya wasaliti wa mgomo, yanayohusishwa na mwandishi Jack London. Siku chache mbele, sherifu wa kaunti ya Kern akiwa amekataza watu kupiga kelele neno huelga, yaani mgomo, watu 44 walisimama wakalipiga kelele hilo neno na wakabebwa wote. Helen Chavez alikuwemo. Hartmire alikuwemo, na wachungaji wengine kadhaa. Wazia pasta wako anakamatwa kwa kusema neno moja.

Makanisa ya mtaani yaliwaka. Wachungaji wa Delano wenyewe walipinga, wakisema hawa ni watu wa nje wamekuja kugawanya waumini. Wakulima wakaacha kutoa sadaka. Mashirika mengine yakaondoa pesa yaliyoahidi. Na hapa lazima nimpe Hartmire haki yake: aliwaandikia na kuwatembelea hao hao wenye hasira miaka na miaka, akiwaeleza, akiwasikiliza, akitukanwa. Huduma ilipungukiwa lakini haikufa, kwa sababu makanisa ya miji mikubwa, mbali na mizabibu, yalianza kutuma pesa na watu. Rahisi kidogo kuwa jasiri ukiwa San Francisco, najua. Bado pesa ni pesa.

Mwezi wa Machi 1966 wagomaji walitoka Delano kwa miguu kwenda Sacramento, makao makuu ya jimbo, wakafika Jumapili ya Pasaka, tarehe 10 Aprili. Mbele ilibebwa bendera ya Bikira wa Guadalupe. Waprotestanti waliolelewa kuogopa sanamu walitembea nyuma ya Maria zaidi ya wiki tatu, malengelenge kwa miguu, na sijasoma mahali mbingu zilianguka. Kabla ya kufika, kampuni moja kubwa, Schenley, ikakubali kujadiliana na chama. Kisha ukaja mpango wa kususia zabibu kote Amerika Kaskazini, na makanisa ndiyo yalikuwa na kitu ambacho chama hakikuwa nacho: jengo katika kila mji, sebule za kulala wageni, na akina mama wanaojua kusimama nje ya duka kuambia majirani wao wasinunue. Tarehe 29 Julai 1970 wakulima wakubwa wa zabibu wa Delano wakatia saini. Mwaka wa 1971 huduma ya Hartmire ikabadilika kuwa shirika la taifa zima, National Farm Worker Ministry. Mwaka wa 1975 California ikapitisha sheria ya kuwapa wafanyakazi wa mashamba ile haki waliyonyimwa mwaka wa 1935, na mwaka huo huo jembe la mpini mfupi, lile lililowafanya watu wainame siku nzima mpaka migongo ikaharibika, likapigwa marufuku.

Kama ningekuwa natafuta likes ningekomea hapo. Kanisa limeamka, maskini wameshinda, shea na rafiki.

Lakini kuna mwaka wa 1974. Wakati huo mikataba mingi ilikuwa imepotea kwa chama pinzani, mgomo umerudi, na wakulima walikuwa wanaleta wahamaji wasio na karatasi kuvunja mgomo. Chama kikaanza kampeni ya kuwaripoti hao watu kwa maafisa wa uhamiaji. Karibu na Yuma, Arizona, watu wa chama waliweka mstari wao wenyewe mpakani kuzuia wavukaji, na kukawa na visa vya watu kupigwa. Soma tena pole pole. Chama cha wahamaji kinazuia wahamaji. Na Hartmire, yule aliyekuwa ameacha sadaka za matajiri kwa ajili ya mgeni, aliwaandikia watu wa makanisa kuitetea hiyo kampeni.

Kuna mwaka wa 1977 pia. Chavez alialikwa Ufilipino na Ferdinand Marcos, nchi ikiwa chini ya sheria ya kijeshi, akaenda, akarudi akiisifu. Philip Vera Cruz, mmoja wa wale wazee Wafilipino na makamu wa rais wa chama, hakuvumilia, akaondoka. Watu wa makanisa walioijua Ufilipino walikasirika sana, na kazi ya kuwatuliza ikaangukia Hartmire. Miaka hiyo hiyo Chavez aliingiza kwa makao makuu mchezo alioutoa kwa kikundi cha Synanon, ambapo watu wanakaa duara na mmoja anashambuliwa kwa maneno hadi anavunjika. Wafanyakazi wa kujitolea walifukuzwa kwa kuitwa wasaliti, wengine baada ya miaka ya kufanya kazi kwa posho ya dola tano kwa wiki. Hartmire hakusimama kuuliza. Alishiriki. Mwaka wa 1989 zamu yake ikafika, naye akaondoka baada ya karibu miaka 28 upande wa Chavez.

Mwandishi wa habari Miriam Pawel ameandika habari zake kwa kirefu katika kitabu kilichotoka mwaka wa 2009, na Hartmire alizungumza naye bila kujificha, kwa majuto. Baada ya chama alienda kufanya kazi na kituo cha kulisha watu wasio na makao huko Sacramento. Alifariki mwaka wa 2022.

Nimebishana na huyu mzee kichwani mwangu mwaka mzima, na bado sijamaliza. Mwanzoni nilitaka kumfanya shujaa wangu ili nimtumie kumpiga kiongozi wetu wa timu. Halafu nikafika kwa hiyo sehemu ya 1974 na nikaona kwamba huyu naye alifika mahali akanyamaza, ila sasa si mbele ya mwenye shamba, ni mbele ya rafiki yake. Yule mtu wa Yuma aliyepigwa akijaribu kuvuka alikuwa mgeni kama wengine. Naye alikuwa na swali lake, na timu ya kanisa ilikuwa na jibu lililoandikwa tayari ofisini. Sasa mimi sijui kama jibu baya ni la woga au la uaminifu. Kwa aliyepigwa nadhani ni sawa.

Kitu kingine. Kuna watu wataniambia, wewe ulikuwa Kampala siku tano, unataka timu ya vijana ianzishe mgomo kwa nchi ya wenyewe? Hapana. Tungefanya hivyo tungewaacha hao wamama na moto ambao sisi tungeukimbia kwa basi ya Jumapili jioni. Drake hakukimbia, alihamia pale. Hiyo ni tofauti kubwa na siwezi kuipunguza. Lakini kati ya mgomo na mswaki kuna vitu vingi sana, na kimoja wapo ni kusoma.

Maana nimesoma sasa. Uganda ina sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka wa 2022. Inasema kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Inasema mpangaji hafukuzwi bila amri ya korti. Ilikuwa imeshapita, iko kwa vitabu, siku ile tumesimama hapo Nsambya tukiimba. Kama mmoja tu kati ya vijana 14 angetumia bando la shilingi 20 kuitafuta, mama angekuwa na kitu cha kumwonyesha yule jamaa, hata kama ni kumfanya tu afikirie mara mbili. Mimi nilitumia hiyo bando kupandisha video.

Namba ya huyo mama ninayo, alinipa nimtumie picha. Wiki mbili zilizopita nilipiga. Akapokea msichana, akasema mama yuko sokoni, na kwamba walihama Nsambya tangu Desemba ile ile ya 2023. Nikauliza kwa nini. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mimi ni wa miswaki.

Timu inaenda tena Agosti. Kwa grupu ya WhatsApp mtu ameweka orodha ya kuchanga na juu kabisa kuna miswaki, pisi 300. Nimeandika hapo chini: kuna yeyote ana rafiki wakili Kampala? Ni juzi. Alama za bluu ziko 22.